Mvua ya Bonde la Odero

Jioni hiyo Ochola alikuwa ametoka kununua mkate na maziwa tu. Aliporudi, akamkuta Norah, mjane wa kaka yake, getini kwa ploti ya nyumba alikopanga, pale mtaa wa Fedha.

"Shemeji, unaishi ghorofa ya sita? Unangojea ndege?"

"Napunguza tumbo kwa ngazi, Mama Odero."

Tumbo lenyewe lilikuwa limekataa kupungua. Ochola ndiye yule aliyevuka bahari mara kadhaa kufundishwa kutengeneza matope kwa kompyuta, na mtaa wa Njiru matope ni ya bure. Alijenga mazingira ya mitambo ya kufunzia wanajeshi: udongo, upepo, mvua. Dereva wa kifaru kwenye mtambo mmoja na rubani kwenye mwingine sharti waone bonde lilelile, mvua ileile. Watu hakuweka. Hao walikuwa kazi ya wengine.

Juu chumbani, Norah hakugusa chai.

"Jumamosi nyumbani kijijini wanataka kuzika yago. Wanangoja neno langu. Nionyeshe kwanza pale mwanangu alipopotelea."

Odero alikuwa mwanajeshi. Mwaka jana alipotelea kwenye bonde moja la mpakani, mwili haukuonekana. Kwao, mtu akipotea hivyo, tunda la mti wa yago huzikwa badala yake. Na akishazikwa amezikwa. Hata arudi kwa miguu yake, boma halimpokei.

Bonde hilo Ochola alikuwa amelijenga mwenyewe kwenye kompyuta. Akawasha skrini mbili: ya dereva, ya rubani.

Mvua ilikuwa inanyesha.

Chini ya mti... mtu ameketi.

Itakuwa hitilafu, alijiambia. Akatazama skrini ya rubani, kutoka angani. Mti uleule.

Mtu yuleyule.

Chumba kikaanza kunuka udongo uliolowa. Fedha haikuwa imeona mvua mwezi mzima.

"Shemeji..." Norah alinong'ona. "Hiyo ni shingo ya mwanangu."

"Mimi siweki watu, Mama Odero."

"Basi ondoa mvua. Analowa."

Akaiondoa. Jua likawaka bonde zima.

Juu ya Odero mvua haikukatika.

Norah akajifunika uso kwa leso. Mabega yakatetemeka, kisha yakatulia.

"Waambie wamzike. Apate mahali pakavu."

Ochola akampigia Oketch, ndugu yao aliyekuwa nyumbani.

"Kateni tunda. Mama amekubali."

Akageukia skrini.

Odero alikuwa ameinua uso. Alikuwa anatikisa kichwa. Polepole... kulia, kushoto. Kwa dereva. Kwa rubani.

"Bado yupo?" Norah aliuliza ndani ya leso.

Ochola akamtazama mama huyo, ambaye tangu mwaka jana leo ndiyo kwanza anapumua kama mtu.

"Ameenda, Mama Odero," akasema. "Ameenda zake."

Akanyoosha mkono azime.

Kitufe kilikuwa kimelowa.