Wasia wa Mdomo wa Elkana Mokua

Ndugu zangu, mimi ni Jeremiah, fundi wa cherehani hapa Rodi Kopany, na haya ninayoyasema niliyaona kwa macho yangu. Bado nina hasira, mtanivumilia.

Kufikia mwaka wa 1994 hapakuwa na nyumba iliyotulia kama ya jirani yangu Elkana Mokua. Alitoka Kisii akafungua mashine ya kusaga unga kando ya barabara ya Rongo. Mkewe wa kwanza alifariki akamwachia binti, Caren, ndipo akamleta Nyasuguta awe mkewe. Jumamosi, siku yao ya Sabato, mashine ilinyamaza, wakitoka kanisani walikula pamoja barazani, kisha Nyasuguta akamsuka Caren nywele. Mgeni hangejua kwamba hakumzaa. Kilichokosekana ni ng'ombe wa mahari tu. "Mwaka ujao," Elkana alisema, na akasema hivyo miaka sita.

Kisha akaugua ini. Aliniita mimi na mdogo wake Ondieki, tukaketi kando ya kitanda.

"Nyinyi wawili msikie," alisema. "Ploti hii na mashine ni za Nyasuguta, amsomeshe Caren nazo. Shamba la Kisii ni la Caren. Siku ya kunizika, Ondieki, useme hivyo mbele ya watu."

Mimi ni karani wa kanisa, kuandika nimezoea. Nikamwambia, "Mokua, wacha niandike, uweke sahihi, sisi tushuhudie."

Alichukia. "Nimwekee ndugu yangu karatasi kama adui? Kwetu neno la marehemu husemwa na ndugu yake kaburini. Hiyo inatosha."

Sikuandika, nikiogopa kuonekana ninamwombea kifo. Huo ulikuwa upumbavu wangu.

Baada ya wiki mbili tulimzika kwao. Ondieki alisimama kando ya kaburi, amevaa koti la marehemu. Nyasuguta alimtazama bila wasiwasi, kwani mumewe alikuwa amemweleza kila kitu.

"Ndugu yangu hakuacha neno," Ondieki alisema. "Huyu mama tunamshukuru kwa kumpikia. Lakini ng'ombe zake hazikutoka, kwa hivyo hapa yeye ni mgeni. Mali ni ya mtoto, na mtoto ni wangu."

"Shemeji," Nyasuguta alisema, "si ulikuwa hapo kitandani? Mimi ndiye nilikuletea chai ukimsikiliza."

Ondieki aliendelea kana kwamba hakusikia. Niliinuka nikasema niliyoyasikia, wazee wakaniuliza mimi ni nani katika ukoo huo. Tulipofika kortini, hakimu alitueleza taratibu kwamba wasia wa mdomo huhitaji mashahidi wawili. Tulikuwa wawili, jamani, ila mmoja alikana. Ondieki akapewa mali yote aisimamie kwa niaba ya Caren.

Mnadhani alimtunza? Kabla mwaka haujaisha aliuza ploti na mashine. Shambani akapanda miwa yake. Caren aliachishwa shule akiwa darasa la saba, akafanywa yaya wa watoto wa Ondieki. Wakati huo Nyasuguta alikuwa akiuza omena, wale dagaa wa ziwani, mjini Homa Bay. Nilimpelekea habari mwenyewe, na siku hiyo hiyo tukaenda pamoja Kisii kumchukua mtoto.

Ondieki alitusimamisha mlangoni. "Wewe ni nani wake?" alimuuliza.

Nyasuguta hakuwa na cheti cha ndoa wala wasia wa kumwonyesha. Nyuma ya Ondieki alisimama Caren, amembeba mgongoni mtoto wa Ondieki. "Mama," akaita. Mlango ukafungwa, tukarudi bila yeye.

Funzo

Usiuache wasia wako mdomoni mwa mtu, hata awe ndugu wa tumbo moja. Uandike ukiwa mzima. Mke atajwe kwa jina na apate chake, watoto watajwe na wapate chao. Mashahidi wawe watu wasiorithi chochote, na nakala zisikae mahali pamoja. Mambo ya mahari na cheti cha ndoa uyamalize mapema, si mwaka ujao. Wanaume wenzangu, najua mnaona aibu kumwandikia ndugu karatasi. Elkana pia aliona aibu. Alimpenda mkewe na bintiye, hilo sitalikana, lakini siku alipokufa mapenzi yake hayakumsaidia hata mmoja wao.