Mikono ya Kushoto Katika Darasa la Nne

Jumatatu, tarehe 12 Novemba 2018. Asubuhi ilikuwa na baridi, na ukungu ulikuwa umelala juu ya mashamba ya miwa. Insaf, mkuu wa shule ya msingi kijijini, kusini mwa Misri, ambaye wote walimwita Abla, yaani mwalimu wa kike, alikuwa ameswali alfajiri na kula maharage kwa mkate wa moto. Sasa alisimama mlangoni mwa darasa la nne, kalamu nyekundu mkononi.

Kila mwaka aliingia darasani mara moja tu, kuandika makosa ya walimu kwa ajili ya mkaguzi. Mwaka huu alikuwa na wasiwasi juu ya Ustadh Wagdi. Alikuwa mwalimu kijana, na watoto wake walishindwa hesabu. Mkaguzi alikwishasema: wasipobadilika hadi Aprili, Wagdi ataondolewa darasani na kupelekwa kutunza stoo ya vitabu.

Wagdi aliuliza swali. Mikono yote ikapanda juu. Kila aliyetajwa alijibu sawasawa. Insaf alifurahi. Alipokuwa akitoka, alimwinamia msichana aitwaye Nawara.

"Mbona unainua mkono wa kushoto, mwanangu?"

"Kwa sababu sijui, Abla. Anayejua anainua wa kulia. Asiyejua, wa kushoto. Ustadh anachagua wa kulia."

Insaf alimwita Wagdi ofisini, akafunga mlango.

"Unanichezea shere, Wagdi? Mimi, na umri huu?"

Wagdi hakuinamisha kichwa. "Ndiyo, nimekuchezea shere. Tena si mimi peke yangu, waulize wenzangu. Unakuja mara moja kwa mwaka, unaandika makosa, unaondoka. Nani anamwonyesha kidonda mtu aliyeshika kisu? Nipeleke stoo ukitaka. Vitabu angalau havinicheki."

Jioni Insaf alikwenda kwa jirani yake, Hajjat Tahani, aliyekuwa mkuu wa shule kabla ya kustaafu. Alimkuta akichambua dengu.

"Huyo kijana ana ulimi mrefu," Tahani alicheka. "Lakini kasema kweli. Wewe ni mkuu wa shule au askari wa doria?"

"Sasa nifanyeje, dada yangu?"

"Ingia darasani mara kwa mara, kwa muda mfupi. Kalamu hiyo iache nyumbani. Kaa nyuma, tazama watoto wanafanya nini. Halafu keti naye siku hiyohiyo. Muulize yeye kwanza: kipi kimekwenda vizuri, kipi kinakusumbua? Kisha chagueni jambo moja la kujaribu."

"Moja tu? Ana makosa kapu zima!"

"Ukimtupia kapu zima, ataangusha yote. Moja. Likikaa, mnakwenda kwa jingine. Na urudi kulitazama, la sivyo ni porojo tu. Mwaka mzima, Insaf, si mara moja kwa ajili ya mkaguzi!"

Usiku Insaf alimwomba Mungu ampe subira. Wiki hiyo aliingia darasa la nne mikono mitupu. Baada ya kipindi alimmiminia Wagdi chai, akamwuliza kama alivyofundishwa. Wagdi alimtazama kwa shaka.

"Wasiojua siwafikii," alisema mwishowe. "Sijui nianzie wapi."

"Basi mikono tuiache ilivyo," Insaf akasema polepole. "Ila wewe anza na ya kushoto."

Hilo likawa jambo lao la kwanza. Siku ya kwanza darasa liligeuka soko. Insaf hakumkemea. Alishika darasa lile mwenyewe, ili Wagdi akamtazame mwalimu wa darasa la tano anavyowapanga watoto wawili wawili. Wakajaribu tena. Baridi ikapita, miwa ikavunwa, na Insaf bado aliingia kila wiki. Walimu wengine nao wakaanza kulalamika: "Abla, na kwangu je? Wagdi ndiye mwanao peke yake?"

Aprili mkaguzi, Ustadh Bahgat, akafika. Wagdi aliuliza swali gumu, na mikono mingi ikapanda ya kushoto. Wagdi akaeleza maana yake bila kuficha.

"Watoto hawajui, na mnatangaza?" Bahgat aling'aka. "Huyu aende stoo leo hii! Na wewe, Abla, nasikia unashinda madarasani. Kazi yako iko ofisini."

"Haendi popote," Insaf akajibu. "Na mimi siondoki hapa. Kaa kwanza, Ustadh. Kiti hicho."

Wagdi alichukua muwa wenye pingili nne, akaenda kwa watoto wa mkono wa kushoto. Akakata pingili moja, akaitafuna.

"Nawara, nimekula kiasi gani?"

"Robo!"

"Na muwa umebaki kiasi gani?"

"Robo tatu! Tugawie, Ustadh!"

Watoto walicheka, wakaelezana wawili wawili. Wagdi akauliza swali jipya. Safari hii mikono karibu yote ilikuwa ya kulia. Bahgat hakuamini. Alisimama, akachagua watoto mwenyewe, akauliza maswali yake. Wakajibu.

"Haya, abaki," Bahgat alisema walipotoka nje, uani, walimu na watoto wakitazama. "Lakini mwaka ujao utachoka, Abla. Utarudi kwenye kiti chako."

Insaf alipanda kwenye ngazi ya mlingoti wa bendera.

"Mbele ya Mungu na mbele yenu nyote, naahidi," alisema kwa sauti kubwa. "Kila wiki, tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, nitaingia darasani bila kalamu nyekundu. Na siku nisipojua namna ya kumsaidia mwalimu wangu, sitajificha ofisini. Nitafanya hivi."

Akainua mkono wa kushoto, juu kabisa.