Mwanzi wa Kupumulia

Jua linazama, tumebakiza shimo moja. Kazi yetu mimi na kaka Takuma ni kuzamisha bomba kwenye matope ya mdomo wa mto, kulivuta, kuwapelekea wataalamu wasome mashapo, tabaka za tope la kale: mafuriko yalipita lini, bahari ilipanda lini.

Bomba likagoma. Tukavuta, tukavuta... likatoka na kipande cha mwanzi, kimekatika kama mfupa.

"Mzizi huo, Shiho," kaka akasema. "Tuzibe twende tukale."

Shimo lazima lizibwe, ndio sheria ya kazi. Kaka akashindilia udongo wa mfinyanzi kwa kisigino.

Bibi Fusae, anayechokoaga kombe za kula topeni pale, akasimama. "Nyie! Hapa palikuwa na kijiji. Mmegusa kisima chetu?"

"Tumegusa tope, bibi. Unaonja?" kaka akamtania.

Hakucheka. "Kisima hakifukiwi bila kuachiwa mwanzi. Aliyemo ndani atapumulia wapi?"

Kaka akafungua mdomo amjibu.

Hakikutoka kitu.

Akashika shingo. Midomo ikaiva zambarau. Chini ya buti zangu tope likawa linavuta... hhhh... hhhh... Harufu ya mayai viza.

"Zibua," bibi akanong'ona.

Nikachimba kwa kucha. Mwanzi mfupi, haufiki! Nikadumbukiza bomba letu lenyewe, wazi huku na huku.

Likapiga mluzi.

Kaka akapumua.

Daktari anasema pumu. Haya, pumu gani inafuata maji? Yakijaa yakafunika mdomo wa bomba, kaka huko nyumbani anakata pumzi. Yakipwa, anakohoa tope jeusi lenye vigamba vya kombe. Nikaliunga bomba kipande, lirefuke. Nikaliunga tena.

Juzi ikaja bamvua, maji makuu ya mwezi. Maji yalinifika kidevuni, bomba likawa linazama mikononi mwangu. Sikuwa na kipande kingine.

"Toka, mjukuu wangu!" bibi akalia kutoka ukingoni. "Usimpe mdomo!"

Na kaka je?

Nikaweka mdomo kwenye bomba. Nikapuliza.

Kutoka chini... nacho kikanipuliza.

Kilikuwa baridi. Kilikuwa na ladha ya chumvi.

Kaka amepona. Anakula wali bakuli tatu, anapiga miluzi bafuni. Jioni hii nimemkuta anavaa viatu, nikamshika shati: twende kwenye bomba kaka, uliunge, sasa ni mimi ninayekata pumzi, nakuomba.

"Bado unaota?" Akanipiga kikofi cha kichwa. "Mzizi ule, Shiho. Mzizi!"

Akatoka anacheka.

Nimefungua madirisha yote. Kwenye mto wangu wa kulalia kuna kigamba cha kombe, kimelowa.

Maji yameanza kujaa.