Kikopo cha Bibi Anyesi

Kabla ya kwenda shule, Gladness alikuwa na kazi zake: kuteka maji, kufagia uwanja na kumpa Bibi Anyesi uji. Mama yake alikuwa akiondoka alfajiri, maana msimu wa zabibu ulikuwa umeanza na Makutupora nzima ilikuwa mashambani.

Asubuhi moja iliongezeka kazi nyingine. Bibi alikuwa amekohoa miezi miwili mfululizo, na Nesi Ritha wa zahanati alikuwa amempa kikopo chenye mfuniko, kimeandikwa jina lake. Bibi akakaa nje, akavuta pumzi, akakohoa mpaka machozi yakamtoka, kisha akatema makohozi kikoponi ili Gladness ayapeleke zahanati yakapimwe.

"Nenda moja kwa moja, mjukuu wangu," alisema akihema. "Nimeyatoa kwa shida."

Gladness akaitikia. Lakini njiani aliwakuta wenzake wakiruka kamba, na miguu ikamwasha. Akakiweka kikopo juu ya jiwe, eti aruke mara moja tu. Kamba ikakipiga kikopo, mfuniko ukafyatuka, yote yakamwagika mchangani.

Arudi kumwambia bibi akohoe tena? Aliona aibu, tena aliogopa kiboko cha mama. Akajificha nyuma ya kichaka, akatema mate yake mwenyewe kikoponi mara tatu, akafunga mfuniko.

Nesi Ritha alikiinua kikopo kwenye mwanga. "Mbona mepesi hivi? Bibi amekohoa kweli?"

"Ndiyo, amekohoa," alijibu Gladness. Kwa kuwa bibi alikuwa amekohoa kweli, uongo ule ulimtoka bila kigugumizi.

Majibu yalipokuja, hayakuonyesha kifua kikuu. Bibi alifurahi, akasema ni vumbi tu linalomsumbua, akakataa katakata kurudi zahanati. Wiki ya tatu baada ya majibu hata uji ulimshinda. Siku moja alipofuta mdomo kwa khanga, Gladness aliona damu.

Hakuaga. Alikimbia mpaka zahanati.

"Shikamoo, nesi."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Yale yalikuwa mate yangu! Ya bibi niliyamwaga." Akaangua kilio.

Nesi hakumfokea, na hilo lilimuumiza zaidi. Alichukua kikopo kipya, akaongozana naye hadi nyumbani. Safari hii majibu yalionyesha kifua kikuu. Bibi akaanza dawa za miezi sita, na wote wa nyumba ile wakapimwa. Gladness alipiga magoti akamwomba bibi msamaha, na bibi akamsamehe.

Nesi Ritha alimketisha. "Mate yana kazi yake, Gladness. Yanalainisha chakula na kusafisha kinywa. Lakini yanatoka mdomoni, hayawezi kutuambia kilichomo kifuani. Tulipima mate yako wewe mzima, tukamwacha mgonjwa bila dawa. Kumwaga ilikuwa bahati mbaya. Ungesema, ningekupa kikopo kingine siku ileile. Uongo ndio uliotaka kumuua bibi yako."

Gladness aliinamisha kichwa. Nesi akamwekea kadi mkononi.

"Kila asubuhi mwangalie bibi akimeza dawa, kisha weka alama hapa. Na siku asipomeza?"

Gladness aliishika kadi ile kwa mikono miwili.

"Sitaweka alama," alisema. "Nitakuja kukuambia."