Mvua Iliyomshinda Fundi wa Mabati

Mvua ilipolipiga soko la Migori saa nane mchana, kila mwenye akili zake alikimbia. Wauza nyanya walifunika bidhaa kwa nailoni, watu wa boda wakajibana barazani kwa Farah, muuza vifaa vya ujenzi, na hata mhubiri wa kona akafunga Biblia yake. Mtu mmoja tu alibaki nje: msichana mwenye gauni la rangi ya chungwa, amechuchumaa kando ya dimbwi, simu yake ameivisha karatasi ya nailoni ya mkate na kuielekeza majini.

"We dada!" aliita kijana mrefu aliyesimama barazani na pakiti ya misumari mkononi. "Kwani hujaona kunanyesha?"

"Nimeona. Ndiyo maana niko huku."

"Unatafuta nini kwa hiyo maji?"

"Natafuta vile tone hupasuka likigonga chini. Na usinipigie kelele, narekodi."

Baraza zima liliangua kicheko. Kijana hakucheka. Alitoka barazani akaingia mvuani na misumari yake, akachuchumaa karibu naye kana kwamba wamejuana tangu utotoni.

"Hapo unapoteza wakati," alisema. "Angalia mabati ya Farah. Kila bonde la bati linamwaga laini yake ya maji, na nafasi kati yao ni sawasawa. Sasa angalia chini. Pale maji huangukia kila siku, imechimba vishimo. Mvua iko na mpangilio, madam."

"Umejulia wapi hayo yote?"

"Mimi ni fundi wa paa, Homa Bay. Mvua ndiyo adui yangu, so lazima nimjue. Naitwa Oliver."

"Phanice," alisema, akainua simu kuyarekodi mabati. Aliona pia, kwa jicho la pembeni, jinsi shati lililolowa lilivyomkaa fundi yule mabegani, na hakujilaumu kwa kuona.

Phanice alikuwa na studio ya chumba kimoja pale mjini, akihariri video za harusi na za kwaya. Mwezi Januari alikuwa amepata kazi kubwa kuliko zote: video ya Bonface, mwimbaji wa nyimbo za mapenzi, iliyopigwa kwenye gati la Homa Bay. Wimbo ulihusu wapendanao wawili chini ya mwavuli mmoja, mvua ikinyesha. Siku ya kurekodi jua lilikuwa la utosi, kwa hiyo mvua ilibidi itengenezwe kwenye kompyuta. Phanice alisema anaweza, kisha ndipo akaenda kujifunza. Ndivyo alivyopata kila kitu maishani mwake, na hakuona sababu ya kubadili mtindo.

Mvua yake ya kwanza alimtumia Oliver kwa WhatsApp, ameinyeshea mbele ya ukuta mtupu. Simu ikaja papo hapo.

"Phanice, hizi ni nyuzi za katani ama ni mvua?"

"Fundi, heshimu kazi ya mtu."

"Naheshimu. Lakini matone yote iko size moja. Ya karibu inafaa kuwa kubwa na ya haraka, ya mbali inakaa kama moshi. Kwani hujawahi kuona mvua ikikuja kutoka ziwani?"

Alikuwa amewahi. Akarudi akaigawa mvua yake katika matabaka matatu, la karibu, la kati na la mbali, kila moja na kasi yake. Wiki iliyofuata akaongeza giza, maana mvua haionekani mbele ya anga jeupe. Akafuta vivuli vya jua, akailowesha saruji ya gati mpaka ikang'aa. Oliver naye akamtumia video za mvua kutoka kila paa alilopanda. Taratibu simu za mvua zikawa simu za umekula nini, umeamkaje, jaber, mrembo wangu, mbona jana hukuniota? Kila Jumapili ya pili alifika Migori, viatu vimepigwa rangi, shati limenyooshwa likanyooka. Mapenzi ni kikohozi, na hawa wawili walikohoa hadharani. Phanice alimpenda mtu huyu, tena bila kuzungukazunguka.

"Jumamosi unakuja Homa Bay," Oliver alimwambia siku moja mwezi Mei. "Mama anataka kukuona. Ameshona vitambaa mpya za viti."

"Kwa ajili yangu?"

"Kwa ajili ya nani mwingine? Usiniangushe, nyar Migori, binti wa Migori."

Ijumaa, Bonface akapiga simu: video inatoka Jumapili, liwe liwalo. Phanice akamwomba Oliver radhi, akaahidi wiki ijayo bila kukosa. Oliver alinuna kidogo, kisha akakubali. Jumamosi nzima Phanice alijifungia studio. Migori ilikuwa kavu, jua linawaka. Homa Bay kulinyesha tangu asubuhi, wala yeye hakujua. Mchana huo ndipo aliporudia video ya mabati ya Farah. Akatoa maji kwenye ncha za mwavuli, kila ncha na mchirizi wake, nafasi sawasawa, na chini akaweka mipasuko ya matone pale pale michirizi inapoangukia. Alipoicheza, alijikuta akiupangusa uso wake mkavu.

Jumapili saa sita Bonface akaitoa mtandaoni. Saa sita na nusu Oliver akapiga.

"Jana ulikuwa wapi?"

"Studio. Si nilikuambia?"

"Phanice, nimekuona. Gati ya Homa Bay, gauni ya bluu, mwavuli mmoja na Bonface, amekushika kiuno. Na kwa hii wiki yote huku kulinyesha jana peke yake."

Phanice akacheka. Hapo ndipo alipokosea.

"Unacheka?"

"Oliver, hiyo ni ya Januari! Msichana wa kuigiza hakukuja, nikasimama kwa nafasi yake. Bonface alinikataza kuonyesha mtu kabla itoke. Na hiyo mvua nimetengeneza mimi."

"Mvua yako ya kompyuta naijua, ulinitumia mwenyewe. Hii inadondoka kwa mwavuli vile maji hudondoka. Mimi ni mtu wa mabati. Unaweza nidanganya na kitu ingine yote, lakini si mvua."

"Si wewe ndiye ulinifunza!"

Simu ilikuwa imekatwa. Alipiga mara tisa, haikushikwa. Ukweli usemwe: nusu ya moyo wake ilikuwa inacheza ngoma. Fundi mzima wa paa ameapa kwamba mvua yake ni ya Mungu! Lakini sifa haimpigii mtu simu jioni kumuuliza amekula nini. Jua lilipotua, furaha ilikuwa imekwisha, ikabaki hofu ya kumpoteza Oliver, na hasira kwamba amemwona mwongo.

Jumatatu alivaa gauni lile lile la bluu lenye kola nyeupe, makusudi kabisa, akabeba laptop yake, akaenda Homa Bay. Saa nne alimkuta Oliver juu ya paa la nyumba mpya, nyundo mkononi.

"Shuka!"

"Niko kazini."

"Hata mimi. Shuka, ama niseme yote nikiwa hapa chini hawa wenzako wakisikia."

Nyundo zote zikanyamaza. Oliver akashuka, macho mekundu kama ya mtu aliyekesha. Phanice alitamani kumkumbatia, akajizuia. Aliweka laptop juu ya rundo la mabati, lakini hakuifungua.

"Humu niko na kila tabaka la ile mvua. Naweza kutoa moja moja mpaka uone jua. Ni dakika mbili na utaamini. Lakini sitaki uamini laptop. Nijibu kwanza, bila kuona. Jumamosi nilikuwa wapi?"

Oliver akaitazama laptop, kisha akamtazama yeye. Phanice alikuwa amekwisha kata shauri njiani: akisema nionyeshe, atamwonyesha, halafu atarudi Migori na hatakanyaga hapa tena.

"Nionye..." Oliver alianza, akasita. Phanice akaweka mkono juu ya laptop. "Hapana. Iache tu. Ulikuwa studio."

"Umejuaje?"

"Kwa sababu ulisema. Wivu ilinipanda kichwa, halafu nikaona aibu kupiga tena. Nisamehe, jaber. Mimi ni mjinga."

"Rudia hiyo ya mwisho, hao wa juu hawajasikia."

"Mimi ni mjinga!" Oliver alipaza sauti, na paa zima likashangilia kwa nyundo.

Nyumbani, mama yake Oliver, mshonaji mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba, alimpokea kwa mikono miwili. "Ndiye huyu? Karibu, nyathina, mwanangu." Chai ilipokwisha, ni Oliver aliyeomba kuona kazi ile, si kwa ushahidi bali kwa hamu ya fundi. Phanice akaanza kuondoa. Yakatoka matone ya karibu, ya kati, ukungu wa mbali, ikatoka michirizi ya mwavuli, saruji ikakauka, giza likaondoka na vivuli vikarudi. Mwisho akaondoa kiraka kidogo alichokuwa amekibandika nyuma ya gati, juu ya paa la stoo. Pale akatokea mwanamume mwenye shati la njano, ameinama na nyundo.

Mama akasogeza miwani. "Hiyo shati nilishona mimi. Oliver, si huyo ni wewe?"

"Ni mimi! Hiyo stoo tuliezeka Januari."

Phanice alijiziba mdomo. "Nilimfuta, mama. Sikujua ni yeye. Nilisema, ni nani atapigilia mabati na mvua inanyesha?"

"Bonface umemwacha, mimi umenifuta," Oliver alilalamika. "Hata kabla tujuane!"

Mama alicheka mpaka akavua miwani. Halafu akamgeukia mwanawe. "Na ile kitu ulinionyesha Ijumaa? Unangoja akufute tena?"

Oliver akatia mkono katika mfuko wa misumari aliokuwa bado ameuvaa, akatoa pete nyembamba ya fedha. Akaipulizia vumbi la kazini.

"Ilikuwa ya Jumamosi," alisema. "Phanice, utakubali nikuoe?"

Phanice hakumchelewesha. "Nakubali. Lakini video ya harusi naedit mimi mwenyewe."

"Na utaweka mvua?"

"Hata tone moja siweki," alisema, akimpa kidole. "Siku hiyo nataka kila mtu akuone."