Sindano Kumi na Mbili za Bibi

Mimi sijawahi kupiga magoti, na sitarajii. Magoti yangu yanagusa sakafu kwa sababu moja tu: kiatu kikijificha chini ya kitanda. Andikeni hilo mahali, maana mimi nikisema nimesema.

Nyumbani wananiita Redio, kwa kuwa nikishawashwa sizimiki. Kila siku nikitoka shule, kabla hata sijavua soksi, kazi yangu ni kutia uzi kwenye sindano kumi na mbili za Bibi. Sita uzi mweupe, sita uzi mweusi. Nazichomeka kwenye mto mdogo uliojazwa vipande vya vitambaa, nyeupe kushoto, nyeusi kulia, kisha nauweka mto karibu na mkono wake. Bibi ni fundi cherehani. Mguu wake bado unaendesha cherehani kama kawaida, lakini vifungo na pindo anashona kwa mkono, na macho yake yana mtoto wa jicho. Ukungu mweupe umeyafunika, na tundu la sindano kwake limebaki kuwa habari ya kusimuliwa.

"Mke mwenzangu," huniita, "umetia ngapi?"

"Kumi na mbili, Bibi."

"Ile ya mwisho jana ilikuwa na uzi mfupi kama subira yako."

Mama, ambaye huondoka alfajiri kwenda kwenye tanuri la mikate, alikuwa amehangaika miezi mingi mpaka akampatia Bibi nafasi ya upasuaji. Daktari wa macho huja hospitali yetu mara moja kwa mwaka, anakaa siku tatu, anakwenda zake. Nafasi ya Bibi ilikuwa Alhamisi. "Asikose," nesi alimwambia Mama. "Tukingoja mwakani, jicho la kulia huenda tusiliokoe."

Wiki hiyo hiyo mimi nilikuwa namaliza darasa la ubatizo. Kanisani kwetu, Jumapili moja kabla ya ubatizo, kila mwanafunzi husimama mbele ya watu wote na kueleza jinsi Mungu alivyojifunua kwake. Huo ndio ushuhuda. Na mwalimu wetu wa kutufundisha mambo hayo makubwa alikuwa nani? Fundi Bomba. Ndiyo, yule yule wa kuzibua masinki. Alikuja darasani kila Jumamosi na vidole vyenye gundi, akifungua Biblia kwa kiwiko ili asiichafue.

Tulimwomba atupe mfano wa ushuhuda wake. Akajikuna kichwa.

"Mimi sikuona kitu," alisema. "Niliomba miaka miwili, nikaona kama naongea na ukuta. Mwaka wa tatu nikagundua siongei na ukuta tena. Basi."

Miaka mitatu! Nilitazama dari nisicheke. Mtu huyu hata ufunuo wake ulikuwa unadondoka tone moja moja.

"Kwa hiyo," akaendelea, "semeni mlicho nacho. Kama ni kidogo, semeni hicho kidogo."

Msichana tuliyemwita Kobe, kwa jinsi anavyoongea, akanyanyuka kujaribu wake. "Mimi... naomba kila siku... na nikimaliza... siogopi sana kama nilivyoanza."

Tukangoja. Kumbe amemaliza.

"Kobe," nikamwambia, "huo ni ushuhuda au dawa ya usingizi?"

Darasa zima liliangua kicheko. Kobe akakaa, akasema polepole, "Ndicho nilicho nacho."

Mimi nilikuwa nimekwisha kuwachunguza watu wa kanisa letu, na nilijua wanachotaka. Wanataka vitu vitatu: mwanga, sauti, na mgonjwa. Uwape hivyo vitatu kwa mpangilio mzuri, watalia mpaka wasahau walichokuwa wanalilia. Niliwadharau, nasema kweli. Nikaenda nyumbani, nikapika ushuhuda wangu kwa dakika ishirini, nikaufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Jumapili Kobe alisema maneno yake machache. Mtu mmoja akapiga miayo. Nikaitwa mimi.

"Ndugu zangu," nilianza, sauti ikitetemeka pale pale nilipopanga itetemeke, "nilikuwa natia uzi kwenye sindano za bibi yangu, ambaye macho yake hayaoni vizuri. Ghafla mwanga ukaingia kwenye dirisha la mashariki, mkali kuliko jua. Na sauti ikaniambia: Usiogope. Macho ya nyumba hii nimeyagusa."

Yeleuwi! Kiongozi wa kwaya, mama mmoja mwenye mkoba mkubwa, alitoa leso kubwa kama taulo. Wazee wakainua mikono. Nilimwona Bibi kwenye benchi la tatu, kimya, uso ameuelekeza nilikosimama. Fundi Bomba peke yake hakulia. Alikuwa ananitazama kama anavyotazama bomba ambalo mwenye nyumba anaapa kwamba halivuji.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama waziri.

Jumatatu, Mama alipokuwa anamwandalia Bibi nguo za hospitali, Bibi akasema, "Zirudishe kabatini. Siendi."

"Mama! Kwa nini?"

"Umesikia mwenyewe. Mungu amesema na mjukuu wangu mbele ya kanisa zima kwamba macho yangu ameyagusa. Halafu mimi nikalale nichokolewe kwa kisu? Nitamtazamaje?"

Mama akanigeukia. "Wewe, ni kweli uliona hayo?"

Hapo ndipo redio ilitakiwa kusema ukweli. Mdogo wangu wa miaka saba, tunayemwita Kiroboto kwa sababu utampata kila mahali usipomtaka, alikuwa amesimama mlangoni ananikodolea macho.

"Niliona," nikasema.

Jumanne nikajaribu ujanja. "Bibi, nimekumbuka. Nadhani ile sauti iliongeza kwamba macho yatapona baada ya upasuaji."

"Aa!" Bibi akashangaa. "Kumbe Mungu naye huwa anasahau, kisha anafanya masahihisho?"

Nilikuwa nimewacheka watu wote wa kanisa kwa kuamini ovyo, na sasa mjinga niliyemdharau zaidi alikuwa amevaa soksi zangu.

Baada ya shule nilimfuata Fundi Bomba. Alikuwa zahanati, amelala chali chini ya sinki, miguu tu ndiyo inaonekana.

"Shikamoo, mwalimu. Kuna mtu mmoja namfahamu, amesema kitu ambacho hakikutokea..."

"Marahaba. Huyo mtu ana viatu vyeusi, cha kushoto hakina kamba?"

Nikatazama miguu yangu. Nikamweleza yote. Hakutoka chini ya sinki, aliendelea kukaza.

"Nifanye nini?" nikauliza.

"Unaniuliza mimi? Mimi ni wa mabomba. Wewe ndiye unayesemeshwa." Ilinichoma, na alijua imenichoma. Kisha sauti yake ikalegea. "Sikiliza, binti yangu. Kamwombe Mungu, ila umwambie ukweli tu. Usimpambie kama ulivyotupambia sisi. Halafu mwambie bibi yako. Kesho jioni nitapita kwenu. Kama utakuwa hujasema, nitasema mimi, maana jicho halichezewi. Nipe hiyo spana."

Jumatano nilitia uzi haraka haraka, nikatupa mto wa sindano mezani, nikakaa kwenye kigoda nyuma ya cherehani. "Haya Mungu," nikasema moyoni, "mimi ni mwongo. Na sina hakika kama upo. Ukweli ndio huo." Nikangoja. Mwanga hapana. Sauti hapana. Nzi alipita, akatua kwenye chaki ya kuchorea vitambaa, akaenda zake. Nikajisemea, si nilijua?

Bibi akaingia akipapasa ukuta. Akakaa, akachukua kanzu yangu nyeupe ya ubatizo, aliyoikata mwenyewe, akanyoosha mkono kwenye mto, akachomoa sindano ya upande wa kushoto. Akaanza kushona pindo kwa vidole vinavyojua kazi, taratibu, mshono mmoja baada ya mwingine, akiimba chini chini.

"Asante Mungu," akasema, "leo naona naona kidogo. Tazama pindo la mke mwenzangu lilivyonyooka."

Nikatazama. Lilikuwa limenyooka kweli. Lakini kwa ile haraka yangu nilikuwa nimeuweka mto kinyume, nyeusi kushoto. Pindo zima la kanzu nyeupe lilikuwa limeshonwa kwa uzi mweusi.

Sikusikia sauti. Naomba muelewe hapo, sitaki kupika tena. Ila nilijua, kama unavyojua mtu amesimama nyuma yako kabla hujageuka, kwamba Yule niliyemwambia "sina hakika kama upo" alikuwa mle chumbani, ameliona lile pindo kama nilivyoliona mimi, na alikuwa ananingoja. Sijui kueleza zaidi.

"Bibi, uzi ni mweusi."

Mkono wake ukasimama.

"Na ule mwanga haukuwepo. Wala sauti. Niliyatunga yote ili watu walie. Macho yako hayajaguswa, Bibi. Tafadhali nenda kesho. Tafadhali."

Bibi alipapasa pindo kwa kidole gumba kana kwamba rangi inashikika.

"Ulisema ule mwanga uliingia kwenye dirisha la mashariki," akasema hatimaye. "Mke mwenzangu, chumba hiki nimeshonea miaka thelathini. Upande wa mashariki kuna kabati."

"Ulijua?"

"Nilijua pale pale kwenye benchi."

"Sasa kwa nini ulikataa kwenda?"

"Kwa sababu naogopa!" Akacheka, lakini machozi yalikuwa yanashuka. "Mtu akuchokoe jicho huku unajijua? Ukanipa uongo mzuri, wenye Mungu ndani yake, nikaung'ang'ania. Sasa humu ndani kuna waongo wawili. Lete mkasi tufumue hili pindo."

Fundi Bomba alipopita jioni alitukuta tunafumua. Akatutazama, akamsikia Bibi anaulizia nguo za hospitali, akatuaga.

Alhamisi Bibi alikwenda, akinifinya mkono mpaka mlango wa chumba cha upasuaji. Upasuaji ulikwenda vizuri. Ijumaa bandeji ilitolewa, na neno lake la kwanza kwangu lilikuwa, "Kumbe una chunusi."

Jumapili nilisimama tena mbele ya kanisa, nikasema kwamba niliwadanganya. Sikutetemesha sauti, ilitetemeka yenyewe. Hakuna aliyelia. Kiongozi wa kwaya alirudisha leso kwenye mkoba, akaufunga kwa kishindo. Kobe alibatizwa. Mimi niliambiwa ningoje kundi lijalo, na kanzu yangu ikarudi kabatini.

Fundi Bomba alinikuta nje. "Umekasirika?"

"Kidogo."

"Nikwambie kitu cha kazini kwangu. Bomba likipiga kelele nyingi, ndani lina hewa. Lenye maji halina kelele hivyo, lakini ukifungua, unapata ya kunywa. Imani hatukuombi uionyeshe, Redio. Tunataka uwe nayo. Na huwezi kuipata ukiwa unamdanganya yule unayetaka akufunulie ukweli." Akanipa mkono wenye gundi. Nikaushika.

Siku hizi Bibi anatia uzi mwenyewe. Kwa hiyo kila nikitoka shule napata dakika kumi za bure, na ninazitumia ninavyotaka, hilo halimhusu mtu. Msimamo wangu kuhusu magoti ni ule ule.

Jana nilisikia mlango wa chumba ukilia nyuma yangu. Kiroboto.

"Dada, unafanya nini hapo chini?"

"Natafuta kiatu," nikajibu haraka, kichwa kikiwa bado kitandani.

Akahesabu.

"Vyote viwili umevivaa." Akasogea, akainama mpaka pua yake ikagusa sikio langu. "Halafu, Dada, tangu lini kiatu kinaitwa 'Baba yetu'?"