Rafu Isiyo na Pengo

"Toa diski, Okiror! Toa nikiwa bado mpole!"

"Mzee, ningetaka kuiba si ningebeba kompyuta nikauze Malaba? Hako kadude nani atanunua?"

"Funga mdomo!"

Inspekta Wandera aliwaacha wafokeane kidogo. Ilukor, mkuu wa maktaba ya chuo, mishipa ya shingo ilikuwa imemtoka. Diski yenye tasnifu zote za wanafunzi ilikuwa imeibwa ofisini kwake, na Jumatatu alikuwa azipandishe kwa mtandao, dunia nzima isome bure. Okiror ndiye askari wa mlango, basi Okiror ndiye mwizi. Imeisha hivyo.

"Nini ingine imeenda?" Wandera akauliza.

"Nakala moja tu. Ile tasnifu ya wanawake waliotoroka mabwana wao Uganda wakaja huku. Ilikuwa rafu hiyo."

Wandera akainama atafute pengo. Wapi! Vitabu vilikuwa vimebanana, migongo sawasawa na ukingo wa rafu, na kile chuma cha kuvishikilia kimesukumwa hadi kikagusa cha mwisho. Alama za vidole za nini tena?

"Mwizi ana haraka, boss. Huyu alisimama akapanga. Mkono wake haukuweza kuacha shimo. Okiror, wewe hupanga vitabu?"

"Mimi? Mimi hufungua geti."

Wandera akamgeukia Roselida, mkutubi msaidizi, aliyekuwa kaunta akinyoosha rundo la vitabu.

"Dada, Okiror alale seli kwa ajili yako?"

Roselida akashusha pumzi. "Mwachilie baba wa watu. Nilichukua mimi. Iko nyumbani kwangu, kule Bukhayo."

"Kwa nini?"

"Mwanafunzi aliandika majina yao kamili, hadi soko wanapouzia. Shemeji yangu Auma yumo. Bwana yake bado anamtafuta na panga. Kwa rafu, nani angeona? Kwa mtandao ataona hata akiwa kitandani. Nilimwomba mzee afiche hiyo moja tu. Akanicheka. Ndiyo nikabeba diski na nakala, asije akainakili tena."

"Maarifa ni ya wote!" Ilukor akang'aka.

"Na panga ni ya Auma peke yake?"

Wandera akakohoa. "Kuiba ni kuiba, dada. Twende kituoni."

Roselida akachukua kibeti, akatangulia kutoka.

"Basi leteni diski," Ilukor akasema. "Jumatatu lazima nizipandishe."

"Hiyo sasa ni kielelezo, mzee. Inakaa stoo ya polisi mpaka kesi iishe. Na kesi za hapa unazijua mwendo."

"Huwezi! Nitapiga simu kwa bosi wako!"

"Piga. Mimi naenda kumtafuta huyo wa panga."

Akatoka, akafunga mlango.